Mafundi wa Ngozi wa Walsall
Walsall, mji wa katikati ya Uingereza, ulianza na chuma: wahunzi wake walifua lijamu na vikuku vya farasi tangu Zama za Kati. Ngozi ilifuata, na katika karne ya 19 matandiko yake yaliuzwa hadi ng'ambo. Magari yalipomfukuza farasi barabarani, karakana nyingi ziligeukia mikoba, pochi na mikanda. Mgeni anayetaka mkanda wa kudumu huko hukagua ngozi kwanza: iwe ile nene ya hatamu, iliyoshibishwa nta na mafuta. Kisha mshono wa mkono, uzi mmoja kwa sindano mbili. Shono moja likikatika, mengine hushikilia; cherehani haina uhodari huo. Klabu ya soka ya mji bado ina lakabu ya Watengeneza Matandiko.