Habari za Manowari London Katika Bandari ya Unguja



Kila mwaka, baada ya hesabu za michango na za mfuko wa maziko, twapenda kuweka katika kijitabu hiki habari moja ya mambo ya kale. Safari hii tumechagua habari za merikebu. Huenda mtu akauliza: sisi wa Eldoret, tulio mbali na bahari, merikebu yatuhusu nini? Twamwomba msomaji asubiri hadi mwisho.

Manowari iliyoitwa London iliundwa kwa mbao huko Chatham, Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1840. Ilikuwa na mizinga 90, na siku hizo ilikwenda kwa matanga tu. Mwezi wa Oktoba 1854, katika vita vya Krimea, ilikuwa miongoni mwa merikebu zilizopiga ngome za Sevastopol, nayo ikaumizwa vibaya. Mwaka 1858 ilitiwa injini ya mvuke na rafadha, wala matanga hayakuondolewa. Injini ilikuwa msaada wakati upepo ulipokataa. Lakini manowari za chuma zilikuwa zimekwisha kuanza, na baada ya miaka michache merikebu za namna yake zilihesabiwa kuwa kuukuu.

Hata hivyo, kazi yake katika pwani yetu ilikuwa bado. Tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash bin Said wa Unguja alikubali mkataba wa kukataza watumwa wasichukuliwe kwa bahari, na soko lao likafungwa. Lakini mkataba ni karatasi. Mwaka 1872 tufani kubwa ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, na ile ya Pemba ikasalimika. Basi wenye mashamba ya Pemba walitaka mikono ya kuchuma, na waliokuwa tayari kuwaletea watu kwa siri hawakukosekana. Manowari za doria zilikuja na kuondoka, na wachuuzi wa watu walijua kungoja.

Ndipo mwaka 1874 London ililetwa Unguja ikae bandarini kama ngome na ghala. Merikebu yenyewe haikufukuza majahazi. Waliofukuza walikuwa mabaharia katika mashua zake, za makasia, za tanga na za moshi, waliotumwa kulinda njia za Pemba siku nyingi mfululizo, juani na mvuani, na homa ikawapunguza. Tarehe 3 Desemba 1881 nahodha wa London, Kapiteni Charles Brownrigg, akiwa katika mashua ya moshi pamoja na watu wachache, alilikaribia jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa karibu na Pemba. Jahazi lilikuwa na watumwa. Wenye jahazi walifyatua bunduki, naye akapigana hadi akauawa.

Waliookolewa na manowari katika miaka hiyo, wengine walikaa Mbweni, Unguja, na wengine Freretown, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Wengi hawakurudi kwao tena. London yenyewe iliuzwa mwaka 1884, ikavunjwa. Wala hatusemi kwamba utumwa ulikoma siku ile: Unguja na Pemba sheria ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Tena bendera ile ile iliyokamata majahazi ndiyo iliyofanya Unguja kuwa nchi lindwa mwaka 1890. Mambo haya mawili yote ni kweli, na mzee mwenye busara huyaweka pamoja.

Lakini sisi tulio makarani twaona jambo jingine. Majina ya maofisa yamehifadhiwa vizuri. Manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi ziliandika pia Waafrika wa pwani, walioitwa Sidi, wakafanya kazi ya makaa, ya makasia na ya ukalimani. Baadhi yao walikuwa wenyewe wamewahi kuwa watumwa. Mara nyingi waliandikwa kwa majina ya mzaha waliyopewa na mabaharia wenzao. Leo mjukuu akitaka kumtafuta babu yake katika madaftari hayo, atamwonaje? Mtu alitolewa katika jahazi, lakini jina lake halikutolewa pamoja naye.

Msidhani jambo hili ni la baharini tu. Mji wetu wenyewe wazee waliuita Sisibo, kwa sababu ya nambari 64 ya shamba ambapo ulijengwa. Na katika daftari la chama chetu tumeona mwanachama aliyeandikwa jina moja tu, bila la baba wala la kijiji. Alipofariki, siku tatu zilipita tukiwatafuta jamaa zake, na maiti ikingoja. Kosa hilo lilikuwa letu, na twaliungama hapa mbele yenu.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wote wafike ofisini kabla ya mkutano mkuu, kila mmoja asomewe jina lake, la baba yake na la kwao, na lililokosewa lisahihishwe mbele yake. Kazi hii haina gharama. Wale wa jahazi hawakupata nafasi hiyo, sisi tunayo.