Mauaji ya Chuka, 1953: Upelelezi Ulioishia Njiani

Gavana wa Kenya, Evelyn Baring, alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga utawala wa Waingereza, walikuwa wakijificha katika misitu ya Mlima Kenya, na misitu hiyo inapakana na mashamba ya Embu, Chuka na Meru. Kwa sababu hiyo serikali iliunda vikosi vya homugadi, yaani wanakijiji waliolinda makwao chini ya machifu, kisha ikapeleka wanajeshi kuusaka msitu.

Mnamo Juni 1953, kombania ya B ya Batalioni ya 5 ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni, chini ya Gerald Griffiths, iliendesha msako karibu na Chuka. Kwa muda wa siku chache askari wake waliwaua watu wapatao 20 wasio na silaha, wakiwemo homugadi waliokuwa upande wa serikali.

Kwa nini jeshi liliwaua watu wake? Wapo wanaosema kwamba askari, wakiwa wageni katika eneo hilo, walishindwa kumtofautisha adui na rafiki. Wengine huutazama utaratibu wa vita vyenyewe: katika kesi iliyomkabili Griffiths baadaye, mahakama ya kijeshi ilielezwa kuwa askari waliahidiwa shilingi tano kwa kila mtu watakayemuua. Maelezo ya kwanza yanaweza kufafanua kifo kimoja, lakini hayatoshi kwa vifo vingi vya watu wasio na silaha.

Kazi ya kuchunguza ilibaki mikononi mwa jeshi lenyewe. Mnamo Novemba 1953 Griffiths alishtakiwa kwa mauaji mengine, akaachiliwa. Mwezi uliofuata Jenerali McLean aliongoza uchunguzi kuhusu mwenendo wa jeshi, ukiwemo mtindo wa kulipa zawadi na kuhesabu waliouawa, na kwa jumla akaliondolea jeshi lawama. Mwaka 1954 Griffiths alihukumiwa kifungo cha miaka mitano, lakini kwa ukatili dhidi ya wafungwa.

Mwaka huohuo Arthur Young aliletwa kutoka London kuwa Kamishna wa Polisi. Alitaka makachero wafuate ushahidi popote unapoelekea, hata kwa watumishi wa serikali na homugadi. Watawala walizuia kazi hiyo, Baring hakukubali polisi iwe huru, na kabla ya mwaka kwisha Young alijiuzulu.

Tukiyapanga matukio haya kwa mfuatano wake, tunaona kwamba ushahidi ulikuwepo na mashahidi walijitokeza. Kilichokosekana ni mpelelezi asiyewajibika kwa mtuhumiwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa wakati wa Hali ya Hatari, ikakubali kuwalipa fidia wadai 5,228. Lakini kwa waliouawa Chuka, hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani.