Asili ya Gari Kuukuu: Fikra Kutoka Iyula

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema, hata hivyo, asili ya kitu kilichoundwa kwa mikono hukaa wapi: katika chuma chake, katika umbo lake, au katika maisha kiliyoyapitia. Swali hilo, ambalo Uingereza liliwahi kuwafikisha watu mahakamani, lina haki ya kuulizwa pia Iyula, kata iliyomo katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kwenye nyanda za kahawa na mahindi.

Mbozi ni nchi ya Wanyiha, na Wanyiha walikijua chuma kabla motokaa haijazaliwa. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo, wakafua majembe. Jembe likiisha makali hurudishwa motoni. Mpini ukivunjika huchongwa mwingine. Mwenye jembe haulizwi kama jembe lake bado ni lile la baba yake.

Wilaya hiyo hiyo ina chuma cha namna nyingine. Huko Ndolezi kimelala kimondo kilichoanguka kutoka angani, chenye urefu wa karibu mita 3. Kilipochimbuliwa pembeni, udongo wa chini yake uliachwa ukawa kama kiti chake. Thamani ya kimondo ni kutoguswa, na kila kipande kinachokatwa ni hasara isiyofidika. Basi vyuma ni viwili na sheria zake ni mbili. Kosa huanza pale sheria ya kimondo inapotumika kulihukumu jembe.

Na ichukuliwe Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu, baada ya vita, chuma kilikuwa adimu Uingereza. Lilikusudiwa mkulima, na bodi yake iliungwa kwa vipande vinavyofungwa na kufunguliwa kwa spana. Kwa hiyo tangu kuzaliwa lilikuwa chombo cha kufunguliwa, kama vile jahazi lilivyo chombo cha kubadilishwa mbao.

Sasa na lifikiriwe moja la aina ya 109, lililofika nyanda za juu kusini katika miaka ya 1960 na likabaki huko. Injini ya petroli imetolewa, ikawekwa ya dizeli iliyotoka katika gari la Kijapani, kwa kuwa spea zake zinapatikana. Chesisi imeungwa kwa kuchomelewa mara mbili. Nyuma pamefungwa mbao ili magunia ya kahawa yasidondoke njiani. Mkusanyaji wa magari ya kale akiliona atasema limeharibiwa. Akilinunua, atavua mbao, atang'oa injini, atafuta kiraka cha fundi, kisha atalipaka rangi ya kijani kama ya siku lilipotoka kiwandani. Ataliita la asili, naye atakuwa amefuta nusu karne ya maisha yake.

Mahakama Kuu ya London ililitazama jambo hili mwaka 1990. Gari la Bentley liitwalo Old Number One lilishinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Baadaye lilibadilishwa mno, likatiwa injini kubwa zaidi, na mwaka 1932 dereva Clive Dunfee akafa nalo katika uwanja wa Brooklands. Likaundwa upya. Lilipouzwa kwa mamilioni ya pauni, wanunuzi walikataa kulipa, wakidai kwamba hilo silo. Jaji Otton alikubali kwamba karibu hakuna kilichosalia cha gari la mwanzo. Hata hivyo aliamua kwamba ndilo Old Number One la kweli, kwa kuwa historia yake haikukatika: halikuwahi kutoweka, wala hapakuwa na jingine lililoweza kudai jina hilo.

Hukumu hiyo haikumpa kila mtu ruhusa ya kubuni. Historia isiyokatika huhitaji ushahidi. Mtu mwenye chesisi moja na bodi ya gari jingine anaweza kuunda magari mawili yanayodai nasaba moja, na bila kumbukumbu hapana wa kumsuta. Ndiyo maana wenye kiwanda walipolipata moja la magari ya maonyesho ya 1948, likiwa limetelekezwa bustanini karibu na Solihull, walikaa miezi wakichunguza nyaraka kabla ya kulitambua. Mwaka 2018 walipotangaza kulifufua, walisema pia kwamba uchakavu wa mabati yake utahifadhiwa. Miaka 70 ya gari hilo ilihesabiwa kuwa sehemu ya asili yake.

Kama uchakavu wa bustani ya Kiingereza ni historia, kiraka cha fundi wa Mbozi nacho ni historia. Kinachokosekana ni maandishi. Kadi ya gari hutaja namba za chesisi na injini, lakini haitaji ni nani aliyechomelea, kwa nini, wala mzigo gani ulikuwa ukisubiri. Fundi anayeandika hayo katika daftari na kuihifadhi injini ya kwanza pembeni huhifadhi asili kuliko anayepaka rangi mpya.

Januari 2016 kiwanda cha Solihull kilitoa gari la mwisho la ukoo huo. Mwezi huo huo Mkoa wa Songwe ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Mbeya. Iyula ilibadilishiwa mkoa, kama ilivyobadilishiwa bendera na serikali huko nyuma. Mashamba yalibaki palepale, na wazee walioyarithi waliendelea kuyalima. Hapana aliyesema kwamba Iyula ya asili imekwisha.