Kitui ilinyimwa bunduki kabla Kenya haijaitwa Kenya

Ukisikia mazungumzo ya kudhibiti silaha unawaza Geneva, nyuklia na wazee wa suti, si ndiyo? Mimi nawaza Ukambani.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalikubaliana Brussels kukomesha biashara ya watumwa. Hata Zanzibar ilikuwa mezani. Ndani ya mkataba huo waliweka kitu kingine: bunduki za kisasa zisiuzwe Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Kitui na Makueni ziko karibu na ikweta, kwa hivyo ziliingia humo moja kwa moja. Mwafrika angeweza kuuziwa gobore la zamani tu. Majeshi ya serikali za kikoloni? Hao waliruhusiwa kuleta zao.

Sasa jiweke kwa Mkamba wa siku hizo. Watu wetu walikuwa wapiga mishale na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, misafara yao ikifika hadi pwani. Mwaka uo huo kampuni ya IBEA inaanza barabara kutoka Mombasa, na inakuja kupita Kibwezi, Makueni ya leo, na misafara yenye walinzi wa bunduki. Sikatai, bunduki ndizo zilizokuwa zikiteka watumwa, na kuzizuia kulikuwa na maana. Lakini waliozuia wengine ndio waliobaki nazo, halafu wakachukua nchi. Hiyo sehemu shuleni hatukuambiwa.

Twende mbele. Mwaka 2004 nchi za kanda yetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi, ambayo inakataza raia kumiliki bunduki kama AK-47. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa kati ya nchi saba zilizopeleka Umoja wa Mataifa wazo la mkataba wa biashara ya silaha. Tarehe 2 Aprili 2013 ukapita kwa kura 154, tatu zikipinga. Kenya ilipiga kura ya ndiyo. Mkataba ulipoanza kutumika, 24 Desemba 2014, Kenya ilikuwa bado haijatia saini. Yaani umepika chakula, wageni wanakula, wewe umesimama mlangoni!

Na huku mashariki ya Kitui, kiangazi kikikaza, wafugaji wa ngamia na wakulima wanagombania maji na malisho, na watu wanauawa kwa risasi. Mfugaji anasema bunduki ni ya kulinda mifugo, mkulima naye anataka ya kulinda boma. Kila mmoja anangoja mwenzake asalimishe kwanza. Mwanasiasa akija Mutha na ahadi za usalama, mimi nitamuuliza kuhusu hiyo saini.