"Kali" haitoshi

Saison, bia ya jadi ya mashamba ya Wallonia, Ubelgiji, ikipikwa kwa asali yenye pilipili, wengi wetu tutaiita "kali". Neno hilo linapotosha. Kwetu pombe kali ni gongo au konyagi, si bia. Na ukiionja hii utaona kinachotendeka: hamira imekula karibu sukari yote ya asali, imebaki harufu ya maua, pilipili haikuguswa, kwa hiyo funda linapita bila utamu, kisha koo linawasha. Mtu atauliza, mbona pilipili nayo husemwa ni kali? Ni kweli, lakini kilevi na pilipili vikikutana katika glasi moja, msikilizaji atajuaje kipi kinasemwa? Tuseme bia hii inawasha.