Kagera, Mto wa Majirani

Mto Kagera haupiti mlangoni petu Kiruruma, lakini mengi yaliyotokea kwenye kingo zake yametufikia. Kwa hiyo tunapouliza jirani yetu ni nani, ni vema tuutazame mto huu.

Maji yake yanatoka nchi mbili. Ruvubu huja kutoka Burundi, na Nyabarongo kutoka Rwanda. Yakishakutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mto huelekea kaskazini ukitenganisha Tanzania na Rwanda. Huko Kyerwa hukunja kuelekea mashariki, hupita Murongo ukitazamana na Kikagati ya Uganda, huingia Missenyi na kupita Kyaka, kisha humwaga maji yake Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Mto ni mmoja, nchi ni nne.

Wazee wetu waliwapokea wageni kabla mto haujaitwa mpaka. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika. Mguu wa Grant ulikuwa na kidonda kibaya. Speke alipoondoka Januari 1862 kuvuka Kagera kwenda Buganda, mwenzake alibaki kwa Rumanyika kwa miezi kadhaa, akitunzwa. Kanisa lilikuwa halijafika kwetu, lakini mgonjwa wa mbali hakutupwa njiani.

Baadaye mto ulibeba mambo mazito. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Ndugu wa kaskazini mwa mto waliukimbia uvamizi, wakaacha nyumba, migomba na mifugo. Hapo tulijifunza kuwa mkimbizi anaweza kuwa mtu wa nyumbani kwetu.

Ikaja 1994. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipoanza Aprili, miili ya waliouawa ilitupwa mtoni, ikaelea hadi Ziwa Viktoria. Huko Uganda wavuvi na wanakijiji waliiopoa na kuizika maelfu kwa maelfu, bila kujua jina la hata mmoja. Wakati huohuo walio hai walivuka kwa wingi kuingia Ngara na Karagwe.

Tukiri kwamba ukarimu wetu ulichoka. Kuni ziliadimika, misitu ilikatwa, na wengine wetu tulianza kusema "wale" badala ya "ndugu". Mwishoni mwa 1996 wengi walirudishwa Rwanda, nasi tulihesabu miti iliyobaki kuliko tulivyowahesabu watu waliokuwa wametuaga.

Hiyo ndiyo toba tunayopaswa kuileta mbele za Mungu. Serikali inaweza kuuita mto mpaka, nayo ina sababu zake. Lakini sisi tunaoomba pamoja kila Jumapili tusiuruhusu mpaka huo uingie mioyoni. Atakayevuka kesho akiwa na njaa au kidonda, tumpokee kama Rumanyika alivyompokea Grant. Na asipokuja mtu, tuwaombee walio ng'ambo, maana maji tunayoyaona yameanzia kwao.