Masikio ya Manowari

Alfajiri ya tarehe 24 Mei 1941, kati ya Iceland na Greenland, wasikilizaji wa Prinz Eugen, meli ya Kijerumani iliyofuatana na manowari Bismarck, walisikia rafadha za meli mbili upande wa kusini-mashariki. Walinzi waliokuwa juu, wenye darubini, walikuwa bado hawajaona kitu. Zilikuwa Hood na Prince of Wales za Uingereza. Saa moja hivi baadaye Hood ilizama na watu zaidi ya 1,400. Walionusurika ni watatu.

Mtambo uliowapa habari hiyo haukutoa sauti yoyote. Kazi yake ilikuwa kusikiliza tu. Maikrofoni zilipangwa kwa safu ubavuni mwa meli, chini ya maji. Mvumo utokao mbali hufikia maikrofoni moja kabla ya nyingine, na tofauti hiyo, ingawa ni ndogo mno, hueleza mvumo umetoka upande gani. Msikilizaji alizungusha gurudumu mpaka mvumo ukawa na nguvu kuliko pengine pote, kisha akasoma mwelekeo. Umbali ilibidi uje kwa njia nyingine.

Lakini bomu lililotegwa baharini halina rafadha ya kusikika. Kwa yale ya zamani, yaliyoelea yakiwa yamefungwa kwa waya chini, manowari ilikokota kutoka omo nyaya zilizotanuliwa pande mbili, zenye visu vya kukata waya wa bomu. Bomu la sumaku lilikuwa balaa jingine: lililala chini kabisa, likingoja chuma kipite juu yake. Wajerumani wenyewe waliyadondosha kwa ndege kwenye njia za meli za Uingereza mwaka 1939, mpaka moja likakwama kwenye tope la Shoeburyness, pwani ya Uingereza. John Ouvry, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akalifungua tarehe 23 Novemba, siri ikatoka. Kinga ilikuwa kuizungushia meli nyaya za umeme ili kufifisha sumaku yake. Manowari za Kijerumani nazo zilifungwa nyaya hizo. Kufifisha, naona, si kufuta.

Hayo yalidhihirika Februari 1942, manowari za Kijerumani Scharnhorst na Gneisenau zilipotoroka Brest, Ufaransa, kurudi Ujerumani kupitia mlango wa Dover. Kabla ya safari, vyombo vidogo vya kufagia mabomu, chini ya Friedrich Ruge, vilikuwa vimefagia njia usiku baada ya usiku, kazi isiyo na sifa wala picha magazetini. Mizinga ya Dover haikuzipata. Ndege sita za topido zilizozishambulia ziliangushwa zote. Kilichozipata ni mabomu ya sumaku yaliyodondoshwa na ndege za Uingereza. Alasiri ya tarehe 12, Scharnhorst ilipigwa karibu na mlango wa mto Scheldt, umeme ukakatika meli nzima, ikasimama. Admirali Ciliax, aliyeongoza safari hiyo, akahamia meli ndogo Z29. Mafundi waliiwasha tena Scharnhorst chini ya nusu saa. Z29 nayo ikapata hitilafu, Ciliax akahama mara ya pili, na Scharnhorst ikampita ikienda mbio. Sijui aliuficha wapi uso wake. Usiku huo, karibu na kisiwa cha Terschelling, Gneisenau ikapigwa, kisha Scharnhorst kwa mara ya pili.

Zote zilifika. Gneisenau iliingizwa gatini Kiel kutengenezwa, na usiku wa tarehe 26 Februari bomu la ndege likaiharibu omo yote. Haikupigana tena. Machi 1945 Wajerumani wenyewe waliizamisha kwenye lango la bandari ya Gdynia, kuziba njia.